Mshenga wa Tanuru

Wasomaji waliokuwa nami wiki iliyopita waliniacha mlangoni kwa babu yangu, kijijini Kaengesa. Mkoba begani, bodaboda iliyonileta inanisubiri barabarani, na shangazi yangu Valeria amekaa kizingitini kama kisiki.

"Mshenga akishafika haondoki," aliniambia.

Kwa ambao hamkuwepo, jina langu ni Silvana. Nina stashahada ya ufundi mitambo na ulimi mkali. Ulimi huo ndio ulionifukuzisha kazi kwenye karakana moja ya Izia, mjini Sumbawanga, na ndio uliokuja kunipatia nyingine: kumtafsiria Daktari Loth, mtafiti wa chuo kikuu kimoja cha uhandisi na teknolojia ambacho mhariri amenikataza kukitaja. Kiko mbali sana na Ufipa, hilo ameniruhusu.

Daktari Loth alikuja kuchunguza tanuru la ukoo wetu, lile la kuyeyushia chuma enzi za mababu. Akachunguza, akaandika, andiko likatoka kwenye jarida la wasomi. Jina langu likawa la pili, chini ya lake. Nililitembeza andiko hilo mtaa mzima wa Milanzi kwenye simu, nikawaonyesha hata wauza nyanya.

Kisha ukoo ukaniita nyumbani. Nikaenda mbio, nikidhani wananichinjia kuku.

"Mshenga wa nani, shangazi?" niliuliza.

"Wa mwanamume wako."

"Mimi sina mwanamume."

"Yule wa miwani. Aliyekuja kumposa binti yetu."

Nikageuka kumtazama dereva wa bodaboda, kama kwamba yeye ndiye angenifafanulia. Naye alikuwa anatabasamu. Umbea hauna ukoo.

"Binti yupi?"

Shangazi alinyoosha kidole. Kule juu, katikati ya shamba la ulezi lililokwisha kuvunwa, tanuru lilisimama peke yake. Udongo mtupu, refu kuliko mtu aliyembeba mtoto mabegani, matundu yamelizunguka chini.

Nilicheka. Hilo lilikuwa kosa.

"Cheka," shangazi alisema. "Bibi zako wote waliolewa kwa majembe yaliyotoka tumboni mwa huyo unayemcheka."

Sikuwa mgeni wa habari hiyo. Kila mtoto wa ukoo wetu anajua kwamba wahunzi wa zamani walilipamba tanuru kama bibi harusi kabla ya kuliwasha. Waliliimbia. Walilala mbali na wake zao ili lisione wivu. Tunaliita Mwali. Mimi niliyajua hayo kama mtu anavyojua methali: anazijua lakini hazijawahi kumlaza njaa.

"Shangazi, yule ni mtafiti. Alikuja kupima."

"Ndiyo, alimpima. Alimpima kiuno kwa kamba. Akamzunguka. Akamshikashika. Akamwekea shavu. Akalia. Wewe umewahi kuona mwanamume mzima analia juu ya kitu asichokitaka?"

Hapo alinibana. Daktari Loth alilia kweli. Alikuwa amepiga magoti, ameingiza mkono kwenye tundu mpaka begani, mara akaanza kupiga kelele: "Hawakuvukuta, Silvana! Hakuna mivukuto hapa! Hawa watu waliyeyusha chuma kwa upepo peke yake!" Machozi yakamtoka chini ya miwani. Wazee wakatazamana. Nami, mjinga mimi, nikawatafsiria kila neno.

"Mimi nilikuwa mkalimani tu," nilisema.

"Mkalimani ni nani?"

"Ni mtu anayechukua neno la huyu, akampelekea yule."

"Na mshenga?"

Mimi, niliyewahi kumnyamazisha fundi mkuu mbele ya wateja wake, nikahamishia mkoba bega la pili.

"Halafu huyo daktari anatibu nini?"

"Hatibu, shangazi. Ni daktari wa vyuma."

"Vyuma vinaumwa?"

Dereva wa bodaboda akaangua kicheko, akawasha pikipiki, akaenda zake. Hakuniaga.

*

Babu Gaudensi alinipokea sebuleni. Yeye ni kaka mkubwa wa babu mzaa baba, na ndiye mtunza Mwali. Anazungumza Kiswahili safi, lakini habari za Mwali hazisemwi kwa Kiswahili. Ndiyo maana Daktari Loth alinihitaji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Keti." Kisha akahamia Kifipa. "Mwanamume wako alipokuja kwetu mara ile, alituuliza kama anaweza kumchukua Mwali. Tulimjibu nini?"

"Mlimjibu: tumesikia."

"Nawe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia: wanasema wamesikia."

"Sawasawa kabisa. Sasa mbona mjukuu wangu mmoja anayesoma huko mjini ananiambia imeandikwa kwamba tumekubali?"

Wapenzi wasomaji, mimi najivunia ulimi wangu. Sijawahi kuongeza neno wala kupunguza. Nilitafsiri neno kwa neno, nikalala usingizi wa watu wema. Lakini Daktari Loth anatoka kwa watu wengine. Kwao mtoto anayesikia ni mtoto anayetii. Ukimwambia umesikia, umemwambia ndiyo. Akaandika: wazee wa ukoo waliridhia kwa kauli moja. Nami nikasoma andiko lote nikitafuta jina langu, sentensi hiyo nikaipita kama mtu anavyompita jirani asiyemdai chochote.

"Kwetu 'tumesikia' ni nini, shangazi?" nilimuuliza Valeria, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Wewe ulizaliwa wapi? Mtu akileta posa, unamjibu siku hiyohiyo? Unamwambia umesikia. Anakwenda, anarudi, anaambiwa tena wamesikia. Binti si andazi, kwamba mtu anafika tu anafungiwa kwenye gazeti."

"Basi nitamwambia Daktari. Nitamwambia alielewa vibaya, yaishe. Naondoka sasa hivi."

"Ondoka," alisema Babu Gaudensi. "Mlango uko wazi. Lakini unajua desturi. Mshenga akikimbia, nyumba yake ndiyo hujibu."

Nyumba yangu ni mama yangu.

Mama Klementina aliingia ukoo huu kwa ndoa. Baba alipofariki, ukoo ulimwachia nyumba na shamba lake la mahindi, pale chini ya kilima. Hakuna aliyemsumbua. Lakini si mali yake, ni ya ukoo. Nikikimbia, au Mwali akiondoka kwa ulimi wangu, mama naye anaondoka. Babu hakulisema hilo kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekuonyesha njia ya kwenda kisimani.

Nikavua mkoba, nikakaa.

*

Sijawahi kufungwa gerezani, lakini nadhani huko hawakupi migebuka.

Mimi walinipa. Walinipa migebuka, samaki wa ziwani kutoka Kirando, ugali wa ulezi wa moto, na maziwa ya mgando. Wake za baba zangu wadogo walipokezana kunikagua sahani.

"Kula, mshenga. Usije ukasema huko ukweni tulikunyima."

"Mimi sina ukweni!"

"Huyu hata kubisha anabisha kwa adabu. Mwongezeeni."

Kila nilipotoka nje, mmoja alinifuata. Nikienda chooni, "Mshenga anakwenda chooni!" Nikirudi, "Mshenga amerudi!" Hawakunigusa wala kunitukana. Ningalikuwa nimetukanwa ningalijua la kufanya.

Mama alikuja jioni na blanketi, kwa maana upepo wa huku mwezi Juni unakata kama wembe. Alinifunika mabega, akakaa pembeni. Mama yangu hasemi mbele ya ukoo. Tangu nizaliwe sijamsikia akisimama kwenye kikao.

"Mama, nisamehe."

"Umekosa nini? Ulisema ulichosikia." Akanirekebisha blanketi. "Ile nafasi ya chuo, bado ipo?"

Sikuwa nimewaambia ninyi habari ya nafasi. Daktari Loth alikuwa ameniahidi, na chuo kimethibitisha, kwamba mwaka huu wa masomo ninaingia kusoma shahada, ada juu ya mradi wa tanuru. Mama alilia siku nilipomwambia. Tangu hapo kila akiamka ananiuliza kama bado ipo, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Ipo, mama."

"Basi usiiache," alisema, akaondoka.

Nilimpigia Daktari Loth pale pale.

"Daktari, wazee hawajakubali."

"Hawajakubali nini?"

"Tanuru. Hawakukubali hata siku ile. 'Tumesikia' si 'tumekubali'."

Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Silvana, wewe ndiye uliyetafsiri."

"Nilitafsiri sawasawa!"

"Basi waliridhia."

"Hawakuridhia! Wewe ndiye uliyeandika hivyo!"

"Na jina lako liko pale. Ulisoma kabla halijatoka, nilikutumia." Sauti yake ilishuka. Hakuwa anafoka, na ndiyo maana niliogopa. "Nisikilize. Idhini ikiwa ya uongo, andiko linafutwa. Mradi unafungwa. Nafasi yako iko ndani ya mradi. Nikiulizwa kilichotokea, nitasema nini zaidi ya kwamba mkalimani alikosea? Mimi sijui Kifipa."

"Daktari..."

"Tutalikata vipande vikubwa, tutalijenga upya mbele ya jengo la uhandisi, vijana wa nchi nzima walione. Hapo shambani mvua zinalila kila mwaka. Mimi nalipenda tanuru lile, Silvana. Kuliko mtu yeyote hapo."

"Najua," nilisema. "Hilo ndilo tatizo."

"Lori limeshatoka. Tutafika asubuhi."

*

Lori lilifika na vumbi lake. Turubai, kamba, misumeno ya kukatia udongo, na vijana wa chuo waliojifunika masweta mawilimawili. Dereva hakushuka. Alikuwa amesikia hadithi za uchawi wa Sumbawanga tangu utotoni kwao, akapandisha vioo mpaka juu, akabaki anatuchungulia kama tungemgeuza fisi.

Nilitegemea mawe. Nilitegemea angalau shangazi Valeria na mchi.

Badala yake wanawake wakapiga vigelegele.

Vigelegele, ndugu zangu! Vilianzia jikoni, vikazunguka uwanja, vikapanda mpaka kwa Mwali. Shangazi alikuwa amevaa kitenge kipya. Babu Gaudensi alikuwa ndani ya koti lake la Pasaka.

Daktari Loth alishuka mkono kifuani.

"Umeona?" aliniambia kwa furaha. "Ulinitisha bure! Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, mkwe," alijibu babu.

"Ameniita mkwe! Watu wakarimu sana hawa."

"Daktari, naomba unisikilize..."

"Baadaye, Silvana, baadaye."

Walimkalisha kwenye kigoda. Walimpa pombe ya ulezi, akanywa, akasifia. Shangazi Valeria alimzunguka taratibu, akamkagua viatu, akamkagua mikono.

"Ana mikono laini," aliniambia kwa sauti. "Muulize, analima?"

"Anauliza kama unalima, Daktari."

"Mwambie nilikuwa nalima, utotoni."

"Utotoni," shangazi alirudia, akaguna. "Hata mimi utotoni nilikuwa mwembamba."

Uwanja mzima ukacheka, Daktari Loth naye akacheka, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nafahamu kwamba hapo hapakuwa na mgeni wala mwenyeji. Palikuwa na bwana harusi, na alikuwa amekuja na msumeno.

Babu Gaudensi akasimama. Kicheko kikakatika.

Alizungumza Kifipa cha zamani, polepole, mikono nyuma. Alisema Mwali hajawahi kuolewa nje. Alisema kila mhunzi aliyemtaka alihamia hapa, akajenga hapa, akachimba udongo wa hapa, na watoto wake wakazikwa hapa. Alisema wamemwona huyu mwanamume, wameona anapenda kweli, na hawamchukii. Akitaka, ahamie. Achukue kilima kile, aje na vijana wake, awafundishe wetu na wetu wamfundishe, moto uwake tena. Lakini Mwali hatikisiki hapo alipo. Asipotaka, arudi na lori lake likiwa tupu, na asionekane tena.

Kisha akanigeukia mimi.

"Mshenga hana neno lake," alisema. "Ana neno la watu. Neno utakalompa huyu, ndilo tutakalosimama nalo. Ukimwambia hapana, ni hapana. Ukimwambia ndiyo, hatutakupinga, tutamwacha amchukue mwenzetu hata kama tunalia. Lakini utakuwa umesema wewe, na nyumba yako itajibu."

Akakaa.

"Amesema mengi!" Daktari Loth alinong'ona. "Amesemaje?"

Nilipiga hesabu haraka.

Nikimwambia kweli, vijana wanakunja turubai. Andiko linafutwa, mimi ndiye mkalimani aliyekosea, na nafasi ambayo mama anaiuliza kila asubuhi inakufa leo. Nikimwambia wamekubali, misumeno inapanda kilimani, mimi naingia chuo, na mama yangu anatoka kwenye nyumba aliyozikia mumewe uani.

"Silvana." Daktari aliniangalia usoni, na safari hii hakuwa anatabasamu. Alikuwa ameanza kuelewa kwamba kuna kitu. "Fikiri vizuri kabla hujatafsiri."

"Mshenga," alisema shangazi Valeria. "Watu wanasubiri."

Ndipo nilipomwona mama.

Alikuwa anatoka kwake, chini ya kilima, anapanda taratibu. Kichwani furushi la nguo. Mkono mmoja sufuria, mkono mwingine picha ya baba iliyotolewa ukutani, kioo chake kikimulika jua. Wanawake wakampisha bila kujua kwa nini. Alipita katikati ya uwanja, akampita Babu Gaudensi, akampita Daktari Loth kwenye kigoda chake. Alipofika nyuma ya lori akarusha furushi ndani, akakanyaga gurudumu, akapanda.

Akakaa juu ya turubai, pale pale alipokuwa alazwe Mwali.

Dereva alishusha kioo kidogo, kiasi cha pua kutoka. "Mama, hili si basi. Shuka."

"Nishushe kama unaweza," alisema mama.

Kioo kikapanda.

"Klementina!" shangazi alifoka. "Nani amekufukuza?"

"Hakuna. Nimeondoka mwenyewe, kabla ya neno." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hata kuku waliisikia. "Mlisema nyumba yake ndiyo hujibu. Hana nyumba tena hapa. Ya nani itajibu?"

Babu Gaudensi alifumba macho. Hakuna desturi iliyokuwa na jibu la hilo. Nilimwona akilitafuta.

Mama akanitazama mimi. Picha ya baba aliipakata kama mtoto.

"Silvana, sema sasa. Sema lolote. Mimi nimeshahama."

Alidhani amenifungulia kamba. Mama yangu, ambaye hajawahi kusimama kwenye kikao, alikuwa amekaa ndani ya lori la watu na sufuria yake, akidhani amenifungulia. Kumbe, iwe ndiyo au hapana, sasa yeye ndiye asiye na nyumba.

"Amesema nini, Silvana?" Daktari Loth alikuwa amesimama. "Ndiyo au hapana?"

Nilitazama lori, kisha nikatazama kilima.

Mshenga hana neno lake. Nilikuwa nimeambiwa hilo dakika chache tu zilizopita, mbele ya ukoo mzima, na mtu aliyevaa koti la Pasaka.

Sikumjibu Daktari. Nilimpa mgongo, nikamwelekea Babu Gaudensi, nikapiga magoti kwenye vumbi la lori, na kwa Kifipa, si kama mshenga tena bali kama binti wa ukoo, kwa neno langu mwenyewe, nikaanza kumjibu.